Mtu wa Winchi

Kila kijana aliyepita mikononi mwa kocha Donatus Masalu pale Katoro aliijua hadithi ya duara kuliko alivyoijua sala ya Baba Yetu. Kocha aliisimulia wakati wa kunyoosha viungo, aliisimulia mvua ikipiga mabati hadi watu hawasikiani, aliisimulia hata mbele ya wazazi waliokuja kulalamika kwamba watoto wao wanarudi nyumbani na michubuko. Na hadithi yenyewe ilikuwa ya kweli, tusimwonee mtu. Enzi za ujana wake, siku moja kabla ya mashindano ya taifa kule Mwanza, Donatus alijikuta amezidi uzito kilo tatu. Kundi lake lilikuwa la chini ya kilo sitini na sita, na mizani ya judo haina huruma wala haipokei chai. Basi akajizungushia nailoni mwili mzima, akavaa nguo zake nene za judo juu yake, akashuka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, huko machimbo ya Mbiti, chini kabisa, ambako joto humwivisha mtu kama kiazi kwenye majivu. Akakaa humo mpaka jasho likamtoka lote. Kesho yake mizani ikamkubali, na keshokutwa akarudi nyumbani na medali shingoni.

"Wenzangu wanashuka duarani kutafuta dhahabu," alimalizia kila mara, kifua mbele. "Mimi nilishuka kuacha jasho. Dhahabu niliikuta Mwanza."

Watoto walipiga makofi. Gregory, rafiki yake tangu wakichunga ng'ombe pamoja, mchimbaji ambaye jioni nyingine alikuja kukaa mlangoni kutazama mazoezi, hakupiga. Alicheka chinichini, akatema mate nje, akasema, "Mzee wa hadithi." Donatus hakuwahi kumuuliza anacheka nini, na kama angeuliza huenda yote haya yasingetokea. Lakini nani humuuliza rafiki yake anacheka nini wakati yeye mwenyewe anapigiwa makofi?

Ukumbi wao wa mazoezi ulikuwa ghala la zamani la pamba. Magodoro ya judo yenyewe, yale ya kununua, waliyaona kwenye simu tu. Wao walimwaga pumba za mpunga sakafuni, wakazishindilia, wakatandaza turubai la lori juu yake na kulikaza pembeni kwa kamba. Ukiangushwa hapo huumii sana, ila utapiga chafya siku mbili. Donatus hakuona haya. Yeye alijifunza kuanguka kwenye mchanga wa Nkome, baina ya mikeka ya dagaa, akifundishwa na mzee Akida, Mzanzibari aliyekuja kununua samaki ziwani akabaki miaka kumi na mmoja. Mzee Akida alimwona kijana wa machimbo mwenye mikono iliyokomazwa na kamba, akamwambia, "Wewe kushika tayari unajua. Nitakufundisha kuachia." Kutoka mchanga ule unaonuka dagaa, Donatus alifika Mwanza, akafika Dar es Salaam, akafika mpaka Kigali na bendera ya nchi mgongoni. Na Kigali ndiko Mrundi mmoja alikomgeuza mkono wa kulia mpaka bega likatoka mahali pake na lisirudi sawasawa tena. Mwanamichezo akafia pale, kocha akazaliwa. Hata leo mkono ule hauwezi kupandisha ndoo ya maji begani.

Katika vijana wote aliowafundisha, hakupata aliyemfurahisha na kumtisha kama Paskazia. Alikuwa na miaka kumi na tisa, binti wa muuza uji wa sokoni, mkimya, na mwili ule mdogo usioonyesha kilichomo. Ukizubaa uko hewani. Katika judo mtu akikabwa au akikunjwa mkono akaona amezidiwa, hupiga kiganja mara mbili kwenye mwili wa mwenzake, na hapo hapo kila kitu husimama. Wala si aibu, ni kama kupiga hodi. Lakini Paskazia hakuwahi kupiga. Alikabwa mpaka macho yakaiva, akavumilia, akajinasua. Donatus alimsifu mbele ya wenzake. "Huyu hana kiganja!" alisema, na wote wakacheka, na Paskazia akainamisha uso kuficha furaha.

Mashindano ya safari hii yalikuwa Jumamosi, Mwanza, na walimu wa timu ya taifa wangekuja kuchagua. Paskazia alitakiwa awe chini ya kilo hamsini na mbili. Jumatano jioni Donatus alimpandisha kwenye mizani, ikagoma: kilo moja na nusu imezidi. Tayari alikuwa hali ugali tangu Jumatatu. Kocha alikuna kichwa.

"Kesho asubuhi njoo tukimbie polepole, tuone," alimwambia. "Ikishindikana tutakuandikisha kundi la juu."

"Kundi la juu kuna yule wa Segese, kocha. Ananizidi urefu wa kichwa kizima."

"Basi utapigana na wa Segese."

Paskazia aliinama kuaga. Akachukua mfuko wake, akaenda.

Alhamisi asubuhi Donatus alimsubiri mpaka jua likaanza kuuma. Hakukasirika mwanzoni. Alijiambia binti amelala, njaa inachosha. Kisha akajiambia amenuna kwa sababu ya yule wa Segese. Saa nne ilipogonga alipiga simu, ikawa haipatikani. Alitembea hadi sokoni akijidanganya kwamba anakwenda kunywa uji.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimu mama yake Paskazia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Baba Vumilia." Mama Paskazia alikuwa akikoroga sufuria, akainua uso, akatabasamu. "Mmeshamaliza? Nimemwekea kikombe chake kidogo hapa. Nimeambiwa asinywe kingi."

Donatus alikitazama kikombe. "Aliondoka saa ngapi nyumbani?"

"Kabla ya jogoo. Si alisema anakuja kwako?"

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Walitazamana, na kila mmoja akaona kwa mwenzake lile ambalo hakutaka kuliona. Katoro ni mji wa pesa za haraka na watu wasiojulikana walikotoka, na msichana anayetoka nyumbani kabla ya jogoo asifike anakokwenda huwawazisha watu mambo mengi, na hakuna hata moja zuri. Mama Paskazia alianza kufungua khanga na kuifunga, akaifungua tena. Donatus alimwambia asiogope, atakuwa kwa wenzake. Sauti iliyotoka haikumshawishi hata yeye mwenyewe.

Alirudi ghalani mbio. Mlangoni alimkuta Blessing, msichana anayefanya mazoezi na Paskazia kila siku, amekaa kwenye ngazi, kucha mdomoni. Alipomwona kocha alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Paskazia yuko wapi?"

"Kocha, alinikataza."

"Blessing!"

"Alikuja jana usiku kuchukua ile nailoni tunayofunikia pumba za akiba. Na kamba ya turubai." Msichana akaanza kulia. "Amesema usiwe na wasiwasi. Amesema anakwenda kufanya kama ulivyofanya wewe."

Donatus alishika fremu ya mlango. Alitazama ndani ya ghala na kweli, turubai lilikuwa limelegea upande mmoja, pumba zimemwagika kama uji uliofurika. Hadithi yake yote ilimrudia neno kwa neno, na safari hii hapakuwa na makofi. Alikuwa amewaambia jina la machimbo. Alikuwa amewaambia hata duara lenyewe, lile la nyuma ya kilima, lenye mti wa mninga mdomoni, maana alipenda hadithi iwe na vitu vya kuonekana. Kitu ambacho hakuwaambia ni kwamba duara lile lilikwisha mali, yaani dhahabu, zamani, likaachwa, na kwa miaka mingi hakuna aliyelitia nguzo wala hewa. Hakuwaambia kwa sababu nani angeuliza?

Na mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo.

Alimpigia Gregory akiwa tayari juu ya bodaboda. Gregory alikuwa huko huko Mbiti, kwenye duara la kikundi chao, na Donatus alipiga kelele kwenye simu mpaka dereva akageuka kumtazama. Gregory akasema, "Nakuja hapo kwenye mninga. Njoo na mshumaa."

Ile barabara Donatus aliijua tangu utoto, lakini siku hiyo ilikuwa ndefu kama kwaresima. Matope yalimrukia usoni. Alijaribu kusali, sala ikakatika kila pikipiki ilipoteleza. Alijikuta anapiga hesabu za kijinga: kama aliondoka kabla ya jogoo, na kutembea ni saa mbili, basi yuko chini tangu jua linachomoza. Yeye enzi zile alikaa muda gani? Kwenye hadithi alisema "nusu siku." Alijaribu kukumbuka ukweli na hakuupata. Alikuwa ameusimulia mno mpaka ukachakaa.

Pale machimboni watu walikuwa kazini, viroba vya mawe vimepangwa, karasha za kusagia mawe zinanguruma upande wa pili wanakokaa akina mama. Donatus aliwauliza wachimbaji wa kwanza aliowakuta kama wamemwona msichana mwembamba, amebeba kamba. Walicheka.

"Mwanamke? Nenda kwenye karasha, mzee. Huku hawaji."

"Ameshuka duarani."

Kicheko kikakatika. Mmoja alitazama pembeni kana kwamba Donatus ametukana. Hapa kila mtu anajua, na hata mtoto anajua, kwamba mwanamke hashuki duarani. Akishuka mali inahama. Akivuka tu kamba ya winchi, ile mashine ya mkono ya kuvutia watu na mawe, watu watatoa mchanga mtupu mwezi mzima. Ndiyo maana hakuna mtu ambaye angemtafuta mwanamke ndani ya shimo. Unaweza kupita juu ya kichwa chake, ukamsikia anaita, ukasema ni popo. Donatus alielewa hilo pale pale. Paskazia naye alilijua. Alichagua duara lililokufa kwa sababu ndilo peke yake ambalo hakuna mtu wa kumfukuza, na kwa sababu hiyo hiyo hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Gregory alikuwa tayari kwenye mninga, amelala kifudifudi, kichwa ndani ya shimo. Kamba ya turubai ilikuwa imefungwa kwenye shina la mti kwa fundo la judo, lile lile la mkanda, zuri na lililonyooka. Upande wa pili ilining'inia gizani. Ukutani mwa duara kulikuwa na vile vishimo vya kukanyagia ambavyo wazee walivichonga, na chini kidogo tu ya mdomo vilikuwa vimemeguka, udongo mbichi mwekundu ukionekana kama kidonda.

"Alishuka navyo," Gregory alisema bila kugeuka. "Akataka kupanda navyo, vikaondoka na miguu yake. Sina uhakika ameanguka kutoka wapi."

"Umemwita?"

"Nimeita."

Donatus hakuuliza kama amejibiwa. Aliingiza kichwa, akaita jina la Paskazia. Sauti yake ilishuka na haikurudi. Joto lilimpiga usoni, joto bichi lenye harufu ya mizizi iliyooza, na akataka kukimbia. Naam, tuseme kama ilivyo: mkanda mweusi, mwakilishi wa nchi, baba wa watoto wanne, alitaka kusimama na kukimbia mpaka Katoro.

Gregory aliwasha mshumaa, akausimamisha ndani ya kopo, akaushusha taratibu kwa uzi. Hii ni mizani ya wachimbaji: mshumaa ukizimika, hewa imekufa, na aliye chini naye tusimdanganyie mama yake. Moto uliteremka ukiwa na afya. Ukafika katikati, ukaanza kusinyaa. Ukawa mdogo, ukawa wa bluu, ukabaki kama jicho la kifaranga. Donatus aliuma ngumi yake. Haukuzimika. Na kwa mwanga ule kidogo waliona kitu cheupe kimekunjamana chini kabisa, kama nguo iliyodondoka kwenye kamba ya kuanikia. Hakikusogea.

"Hewa ipo, ila ya kuombea," Gregory alisema. "Mtu akishuka asizubae. Nataka winchi."

Winchi ya karibu ilikuwa ya Mwita, msimamizi wa duara la jirani, Mkurya mmoja mrefu mwenye sauti ya ng'ombe dume. Alikuwa ameshafika na watu wake, amesimama mbali na mdomo wa shimo, mikono kifuani.

"Winchi yangu imvute mwanamke?" alisema. "Gregory, wewe umekulia hapa. Wenye duara watanifukuza leo leo."

"Nakuomba, ndugu yangu," Donatus alisema. Hakuwahi kumpigia mtu magoti tangu alipokuwa mtoto, lakini magoti yenyewe yalishakunjika. "Ni mwanafunzi wangu. Mimi ndiye niliyemleta hapa."

"Ulimleta vipi nawe umefika sasa hivi?"

Gregory alimshika Mwita mkono, akamvuta mpaka ukingoni. "Tazama tu. Kisha useme tena."

Mwita alitazama. Kutoka chini, mbali sana, ikasikika kikohozi kimoja, kikavu, cha mtoto mwenye surua. Mwita alivua kofia yake taratibu. Kisha akageuka akawangurumia watu wake mpaka ndege wakatoka kwenye mninga: "Mnashangaa nini? Leteni winchi! Mali ikihama na ihame, nitaifuata huko ilikohamia!"

Waliisimika juu ya magogo mawili kwa haraka ya watu waliozoea. Gregory alisema atashuka yeye. Donatus akakataa. Gregory akamtazama bega. "Mkono huo, Dona?"

"Wewe shika winchi," Donatus alijibu. "Siwaamini wengine."

Alikalia kijiti kilichofungwa mwishoni mwa kamba, mshumaa mwingine mdomoni kama mwizi wa sadaka, akaanza kuteremka. Mwanga wa mdomo wa duara ukawa sahani, ukawa kikombe, ukawa shilingi. Udongo ulimmwagikia shingoni. Kuta zilikuwa zinatoa maji, na kila alipogusa ukuta kwa goti, kipande kilianguka na kupiga chini baada ya kitambo. Bega lilianza kuuma mara moja, maumivu yale ya zamani ya Kigali. Alihema haraka mno, akajikemea, akahema tena haraka mno. Aliogopa kumkuta amekufa. Zaidi ya hapo, na aibu ilimshika palepale kuliwaza, aliogopa kufa naye.

Alikanyaga maji ya moto yaliyofika kifundoni. Paskazia alikuwa ameegemea ukuta, mguu mmoja umekunjika vibaya chini yake, macho nusu wazi. Chini ya ile nguo nyeupe ya judo nailoni ilimbana kutoka shingoni mpaka kiunoni. Donatus alimgusa paji la uso, akatarajia jasho. Ngozi ilikuwa kavu na inawaka kama bati la mchana. Kocha yeyote analijua hilo: anayetoka jasho bado yuko nawe. Jasho likikauka na moto ukibaki, hapo una dakika chache. Aliichana nailoni kwa meno na kucha, akaichana kama mtu anayechuna mnyama, huku akisema naye maneno ambayo hakuyasikia mwenyewe.

Alimkumbatia ili amwinue. Ndipo alipohisi kitu begani kwake, kwenye lile bega bovu. Kiganja. Kilipiga mara moja, kikapumzika, kikapiga tena. Kilikuwa chepesi kama jani.

Mara mbili.

Donatus alilia kwa sauti. Hakuna aliyemwona, giza lilimsitiri. Binti asiye na kiganja alikuwa anapiga, na Mungu ndiye ajuaye alikuwa amepiga ukutani mara ngapi tangu asubuhi, kwenye mawe yasiyosimamisha pambano.

"Basi, mwanangu. Basi. Imekwisha," alimwambia.

Alimfunga kwenye kamba kwa mkanda wa binti mwenyewe, ule wa kahawia, akaupitisha chini ya makwapa na ndani ya kola. Nguo ya judo imeshonwa ili ivutwe na isichanike, na leo ndiyo ilikuwa mechi yake. Winchi ile ilibeba mtu mmoja; wawili magogo yangeng'oka. Donatus alivuta kamba, akapiga kelele, na Paskazia akapanda juu yake taratibu, miguu ikining'inia, mpaka akaziba ile shilingi ya mwanga.

Kukawa giza kabisa. Mshumaa wake ulikuwa umezimika hata hakujua lini.

Alisimama kwenye maji. Kifua kilibana. Kichwa kilianza kuwa chepesi, utamu mbaya kama wa mtu anayesinzia misani. Tonge la udongo lilianguka karibu na sikio lake, kisha jingine kubwa zaidi. Kamba haikurudi. Alijiambia wanamfungua, mafundo ya judo ni magumu. Kamba haikurudi. Alijiambia duara linabomoka, na yeye ndiye atakayebaki kuwa hadithi. Hapo hofu ikamshinda, akapaza sauti yote aliyobaki nayo.

"Greg!"

"Nipo!" ikajibu kutoka juu.

Neno hilo moja. Na Donatus, akiwa na mgongo ukutani, akakumbuka. Haikuwa kumbukumbu ya hadithi, ilikuwa ya siku yenyewe. Alikumbuka sauti hiyo hiyo, ya kijana wakati ule, ikiteremka kwenye duara hili hili kila alipotaka kusinzia: "Dona, upo?" Naye akijibu, "Nipo!" Tena na tena, jua zima. Alikumbuka bomba la hewa ambalo Gregory alilipulizia kwa mfuko wa mfua vyuma. Na alikumbuka kwamba mwishoni aliitwa akashindwa kujibu, na Gregory hakungoja ruhusa, alimvuta akiwa hana fahamu na kummwagia maji. Mizani ilimkubali kesho yake, ni kweli. Medali aliipata, ni kweli pia. Ila Gregory alidondoka njiani mahali fulani, katika kusimulia kwa mara ya tatu au ya nne, kwa sababu hadithi hupendeza zaidi mtu akiwa peke yake. Donatus aliona aibu iliyozidi hofu, na hofu haikuwa ndogo.

Kamba ikamgusa usoni. Aliishika kwa mikono yote miwili, mzima na mbovu.

Walipomtoa hakuweza kusimama. Paskazia alikuwa amelazwa kivulini chini ya mninga, mguu umefungwa kwa vijiti, wanaume wanampepea kwa kofia na makatoni. Nusu ya dumu la maji ilikuwa imeshamwagwa mwilini mwake. Mama mmoja wa karasha alikuwa amekuja bila kuogopa kamba ya winchi ya mtu yeyote, amempakata kichwa na kuyachanganya maji na chumvi na sukari ndani ya kikombe. Gari la kumpeleka zahanati lilikuwa linakuja. Kikombe kilipofika mdomoni, Paskazia alikaza midomo.

"Uzito," alinong'ona.

Donatus alijikokota mpaka pale, akachukua kikombe kutoka kwa yule mama. "Kunywa."

"Kocha, nimetoa. Nina hakika nimetoa. Nipimeni kwanza."

"Kunywa, Paskazia."

Alikunywa. Kila funda lilishuka kwa shida kwenye ile shingo nyembamba, na kila funda lilikuwa linamtoa Mwanza, linamtoa kwenye kundi lake, na yeye alijua; machozi yalimtoka, na Donatus alifurahi kuyaona kwa sababu ni maji, mwilini mmebaki maji. Alimjazia cha pili. Hakuwahi katika maisha yake yote ya judo kutamani mizani izidi namna ile.

Mwita, aliyekuwa anazifungua nguzo za winchi yake, alisema bila kumtazama mtu, "Kesho tukitoa mchanga mtupu, kocha, nahamia kwako na watoto." Watu wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliotetemeka.

Paskazia alimaliza cha tatu. Macho yake yalikuwa yamerudi, mekundu, yanamwangalia kocha wake kama anayepima kitu.

"Wewe ulitokaje?" aliuliza. "Ile siku yako. Vile vishimo vimenishinda. Wewe ulitokaje?"

Donatus alitazama mikono yake. Hatua chache kutoka hapo Gregory alikuwa anakunja kamba, mkono hadi kiwiko, mkono hadi kiwiko, akaacha kukunja.

"Alinivuta Gregory," Donatus alisema. "Alikuwa juu. Alikuwa juu muda wote, ananiita."

Paskazia aligeuza kichwa polepole mapajani mwa yule mama, akamtazama yule mtu anayekuja kukaa mlangoni jioni na kucheka chinichini. Alimtazama muda mrefu. Kisha akarudisha macho kwa kocha, na sauti yake haikuwa na hasira, ingekuwa nafuu kama ingekuwa nayo.

"Nilipoanza kuona giza nilitaka kuita," alisema. "Nikawaza, kwenye hadithi yako hakuna mtu unayemwita. Nikaona aibu, nikanyamaza."

Gari lilipiga honi chini ya kilima. Gregory aliweka kamba chini, akaja, akachuchumaa upande wa pili wa yule binti, akakipokea kikombe kutoka mkononi mwa Donatus.

"Upo?" alimuuliza Paskazia.

"Nipo," akajibu.